Binti Anayetaka Kuwatetea Walio Mbali Asomee Nini?

Zilikuwa zimebaki siku tatu maombi ya vyuo vikuu yafungwe. Wifi yangu alinijia nyumbani baada ya sala ya Magharibi, amemshika binti yake mkono kama mtu ampelekaye mgonjwa kwa tabibu. Hata hakungoja kukaribishwa kiti.

"Wifi," akasema, "sema na mwanao huyu. Mimi nimeshindwa naye."

Binti ana umri wa miaka 18. Alimaliza kidato cha nne akapata alama ya B+, na siku matokeo yalipotoka mtaa mzima ulisikia vigelegele. Baba yake, ambaye ni kaka yangu, ni dereva wa lori la mizigo ya bandarini. Yeye hakupata kusoma zaidi ya darasa la nane, na mtoto huyu ndiye wa kwanza katika nyumba yetu kuufikia mlango wa chuo kikuu. Mama yake alikwisha kumchagulia: uuguzi, na ukikosekana, ualimu. Binti akayakataa yote mawili. Katika karatasi yake aliandika chaguo moja tu: siasa na uhusiano wa kimataifa. Nilipomwuliza sababu, alijibu bila kuinua macho.

"Shangazi, nataka kuwasaidia watu wa Palestina. Watoto wa Gaza wanazikwa kila siku, nami nikae darasani nisomee mshahara?"

Sikuwa na jibu la papo hapo. Nimefundisha kwa miaka mingi, nimewasaidia wanafunzi wengi kujaza fomu zao, lakini wengi wao huniuliza kazi gani ina ajira na kozi gani ina karo nafuu. Huyu aliniuliza jambo jingine: elimu yangu itamfaa nani? Nikamwomba anipe muda, na kwa jioni mbili zilizofuata tulizungumza, yeye, mama yake nami. Ninayaandika haya kwa kuwa najua swali hilo limeingia katika nyumba nyingi za pwani yetu, na nyumba nyingine zimelijibu kwa ukali, na nyingine kwa kimya.

Khofu isiyosemwa

Usiku ule wa kwanza, binti alipokwenda kutia udhu kwa ajili ya Isha, mama yake alinifuata jikoni na kuufunga mlango.

"Mimi sipingani na Palestina, wifi. Nani asiyelia? Lakini unamkumbuka yule kijana wa nyumba ya pili? Naye alianza hivi hivi, kwa huruma. Akasema anakwenda kuwasaidia Waislamu. Mama yake mpaka leo hajui amsomee hitima au aendelee kumngoja."

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba ugomvi wao haukuwa wa uuguzi na siasa. Alikuwa mama anayeogopa kupoteza mtoto. Khofu hii haisemwi hadharani, lakini imo katika vifua vya wazazi wengi wa Mombasa, Kwale, Kilifi na Lamu. Vijana wetu kadhaa walichukuliwa kwa maneno matamu, na maneno yale yalianza kwa picha za watu wanaodhulumiwa. Wahenga wetu wavuvi walisema, hasira za mkizi, furaha ya mvuvi. Samaki yule akikasirika huruka mwenyewe, na mara nyingine huangukia ndani ya mashua ya anayemwinda. Kijana mwenye hasira ya haki, asiye na elimu ya kuiongoza, huwa mawindo ya mtu mwenye haja zake.

Basi nikamwambia wifi yangu mambo mawili. La kwanza, njia ya kheri hupitwa mchana. Chuo kina jina, kina walimu wanaojulikana, kina cheti, na mzazi anaweza kwenda kukiona. Yeyote anayemwambia mwanao "usimwambie mama" hamtakii mema, hata akilitaja jina la Mwenyezi Mungu mara mia. La pili, mtoto anayenyamazishwa nyumbani hatakosa msikilizaji kwingine. Binti huyu alikuja kwetu na swali lake mkononi. Hiyo ni amana. Tukimrudisha kwa makaripio, mara ya pili hatakuja.

Binti naye nilimwambia neno lake. Huruma ni mwanzo mwema, lakini mgonjwa hapasuliwi kwa huruma, na kesi haishindwi kwa huruma. Baada ya huruma panahitajika mkono unaojua kazi.

Umri wa dhulma na umri wa kazi

Vijana wetu wameziona habari za dunia katika simu, ambako kila kitu hutokea na kupita kwa siku moja. Kwa hivyo hudhani kwamba mabadiliko nayo huja kwa haraka hiyo hiyo. Nikamsimulia mpwa wangu habari ya Afrika Kusini, ambayo sisi wa umri huu tuliishuhudia ikifikia mwisho wake.

Tarehe 26 Juni 1959 palifanyika mkutano jijini London wa kuwaomba Waingereza wasinunue bidhaa za Afrika Kusini. Wito huo ulikuwa umetoka kwa Waafrika Kusini wenyewe, chini ya uongozi wa Chifu Albert Luthuli wa chama cha ANC. Miongoni mwa waliozungumza siku hiyo alikuwamo Julius Nyerere, ambaye nchi yake wakati huo ilikuwa bado haijapata uhuru. Kutokana na mkutano ule kukazaliwa harakati kubwa ya kupinga utawala wa Makaburu. Uchaguzi wa kwanza ambao raia wote wa Afrika Kusini waliruhusiwa kupiga kura ulifanyika tarehe 27 Aprili 1994.

"Hesabu mwenyewe," nikamwambia.

Akahesabu. Miaka 35, kasoro miezi miwili.

Msichana aliyekuwa na umri wa miaka 18 katika mkutano wa London alikuwa mama wa miaka 52 au 53 siku kura ilipopigwa. Huo ni umri mzima wa kufanya kazi, tangu kuajiriwa mpaka kukaribia kustaafu. Kwa hivyo anayetaka kuwasaidia watu wa nchi nyingine waondokane na dhulma asijiulize ni somo gani lililo karibu zaidi na habari za leo usiku. Ajiulize ni kazi gani anayoweza kuifanya, tena kuifanya vizuri, kwa miaka 35, ili siku mlango utakapofunguka awe na kitu mkononi.

Mfano ni Frene Ginwala, mwanamke aliyezaliwa Johannesburg mwaka 1932 katika jamii ya Wahindi. Alisomea sheria Uingereza. Mwaka 1960, baada ya polisi kuwaua waandamanaji 69 huko Sharpeville, alisaidia kupanga njia ya kumtorosha kiongozi Oliver Tambo. Akaja Dar es Salaam, akafanya uandishi wa habari, na mwaka 1970 Mwalimu Nyerere akamkabidhi uhariri wa gazeti la serikali. Baadaye alisoma tena, akapata shahada ya uzamivu Oxford. Mwaka 1994, Bunge la kwanza lililochaguliwa na wananchi wote lilipokutana, yeye ndiye aliyechaguliwa kuwa Spika, na alikikalia kiti hicho kwa miaka 10. Hakuna aliyemwambia mwaka 1960 kwamba elimu yake ya sheria siku moja ingehitajika pale. Alikuwa amejiweka tayari tu.

Waliojifunzia nyumbani

Binti akaniuliza, "Lakini shangazi, yule wakili mwanamke tuliyemwona akizungumza kule mahakamani kwa ajili ya Gaza, yeye si alisomea mambo ya Palestina?"

Swali zuri. Tarehe 29 Desemba 2023 Afrika Kusini iliishtaki Israeli katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki, mjini The Hague, kwa kutumia Mkataba wa mwaka 1948 wa kuzuia mauaji ya kimbari. Kesi iliposikizwa kwa mara ya kwanza, tarehe 11 Januari 2024, miongoni mwa mawakili waliosimama alikuwa Adila Hassim. Tarehe 26 mwezi huo huo mahakama iliiamuru Israeli ichukue hatua za kuzuia vitendo vinavyokatazwa na mkataba ule na kuwezesha misaada iwafikie watu wa Gaza. Amri ile haikuwa hukumu ya kesi yenyewe. Hukumu za mahakama ile huchukua miaka.

Sasa tazama alikotoka wakili yule. Kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa haki ya afya nchini kwake: wagonjwa wanaonyimwa dawa, hospitali zisizotimiza wajibu wao. Mwaka 2016 mkoa wa Gauteng uliwahamisha wagonjwa wa akili kutoka vituo vya Life Esidimeni na kuwapeleka katika mashirika yasiyokuwa na leseni halali, na watu 144 wakafariki. Adila Hassim alikuwa miongoni mwa mawakili wa familia za marehemu wale. Alikaa na akina mama waliokuwa wakiuliza watoto wao walikufa vipi, akakusanya ushahidi karatasi kwa karatasi. Aliyekwenda The Hague alikuwa mtu aliyekwisha kujifunza, katika vilio vya mji wake mwenyewe, namna ya kuyafanya maumivu ya mtu yawe ushahidi ambao hakimu hawezi kuupuuza.

Mwingine ni Abubacarr Tambadou wa Gambia. Huyu alifanya kazi kwa miaka mingi hapa jirani yetu, Arusha, katika mahakama iliyoundwa kuhukumu mauaji ya kimbari ya Rwanda. Alirudi kwao akawa waziri wa sheria. Mwaka 2018 alizuru kambi za wakimbizi wa Rohingya huko Bangladesh, akasikiliza visa vyao, na akatambua mambo aliyokuwa ameyasikia Arusha. Mwezi Novemba 2019 Gambia, nchi ndogo ya Afrika Magharibi isiyopakana na Myanmar kwa bahari wala nchi kavu, iliishtaki Myanmar katika mahakama ile ile ya The Hague. Watu wengi waliwahurumia Warohingya. Tambadou aliwahurumia pia, lakini alikuwa na sikio lililofunzwa, na alijua ni mlango upi wa kubisha.

Tuwaambie watoto wetu jambo hili waziwazi. Mtu asiyejifunza kumtetea mgonjwa wa wilaya yake hataweza kumtetea mgonjwa wa nchi ya mbali. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ukiutazama kutoka mbali huuhisi uzito wake. Uzito hujulikana kwa kubeba, na mahali pa kuanza kubeba ni nyumbani.

Fardhi kifaya haina taaluma moja

Wazazi wengine hudhani kwamba anayetaka kutetea haki hana budi kusomea sheria au siasa. Wanazuoni wetu hawakuona hivyo. Imamu Ghazali, katika kitabu chake cha Ihya, aliyataja matibabu na hesabu kuwa fardhi kifaya, akaongeza na kazi kama kilimo na ufumaji, kwa kuwa jamii ikizikosa huangamia. Tena alilalamika kwamba miji mingi ilikosa tabibu Muislamu ilhali watu walisongamana katika elimu zinazoleta vyeo na mijadala. Amesema hayo zaidi ya miaka 900 iliyopita, na ukitazama fomu za watoto wetu utadhani alikuwa akitutazama sisi.

Dkt. Ghassan Abu Sittah alisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Glasgow, kisha akawa bingwa wa upasuaji wa kurekebisha viungo. Vita vilipozuka Oktoba 2023 aliingia Gaza akafanya kazi katika hospitali za Al-Shifa na Al-Ahli. Alipotoka alieleza aliyoyaona kwa watu wa sheria, na kauli yake ilikuwa na uzito kwa sababu aliyefungua jeraha kwa mikono yake anajua lilivyosababishwa. Mwaka 2024 wanafunzi wa chuo alichosomea walimchagua kuwa rekta wao.

Shireen Abu Akleh, mwandishi wa habari aliyeuawa Jenin tarehe 11 Mei 2022, hakuanza katika uandishi. Alijiunga kwanza na masomo ya usanifu wa majengo nchini Jordan, akaona si njia yake, akahamia uanahabari katika chuo kingine. Kwa takriban miaka 25 nyumba za Waarabu ziliisikia sauti yake. Ninamtaja kwa ajili ya binti aliyekwisha kuanza kozi na moyo wake umekataa: kubadilisha mapema, kwa mashauri na wazazi na walimu, si kushindwa.

Tusimsahau mwenzetu wa Visiwani. Salim Ahmed Salim, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1942, alikuwa balozi nchini Misri akiwa na umri wa miaka 22. Katika miaka ya 1970 aliiongoza kamati ya Umoja wa Mataifa iliyoshughulikia uhuru wa nchi zilizokuwa bado chini ya wakoloni, na hapo alizisemea Msumbiji, Angola, Zimbabwe na Namibia. Shahada yake ya pili, ya mambo ya kimataifa, aliipata New York akiwa kazini. Kwa hivyo siasa na uhusiano wa kimataifa si elimu ya kudharauliwa. Lakini anayeichagua aongeze ujuzi wa kushikika: lugha, takwimu, uchumi au sheria. Umoja wa Mataifa una lugha sita rasmi, na Kiarabu ni mojawapo. Mabinti zetu wengi wamekisoma Kiarabu madrasani tangu utotoni, wanakisoma lakini hawakisemi. Wana nusu ya hazina mkononi, na wanaiacha ipate kutu.

Maswali ya kuulizana kabla ya kujaza fomu

Jioni ya pili nilikwenda nyumbani kwa kaka yangu. Alikuwa amerudi kutoka safari ya Malaba, amechoka, lakini aliketi nasi. Tuliyazungumza maswali haya, nami naona yanaifaa kila familia.

La kwanza: je, kazi hii ungeipenda hata kama dunia nzima ingekuwa na amani? Anayesomea sheria kwa ajili ya Gaza atasoma pia mikataba ya ardhi na sheria za makampuni. Atakaa chuoni miaka minne, kisha Shule ya Sheria ya Kenya, mitihani na mafunzo kazini kabla ya kuapishwa kuwa wakili. Udaktari ni miaka sita na mwaka mwingine wa mafunzo hospitalini. Hasira haidumu miaka yote hiyo. Kinachodumu ni kuipenda kazi yenyewe.

La pili: watu wa hapa watafaidika na nini? Elimu hii kaka yangu anailipia kwa usiku wa barabarani, na mkopo wa HELB utalipwa na binti mwenyewe. Wako wadogo zake watatu nyuma yake. Kazi itakayowafaa watu wa mbali na ikamwacha baba yake na deni haina baraka. Tena "mbali" kwenyewe mara nyingine ni karibu. Katika kambi za Dadaab na Kakuma, humu nchini mwetu, wamo watu waliokimbia vita vya Somalia, Sudan Kusini na kwingineko, wanaohitaji mawakili, wauguzi, walimu na wakalimani.

La tatu: wenye kudhulumiwa wameomba nini? Mkutano wa London wa mwaka 1959 uliitikia ombi la Waafrika Kusini wenyewe. Anayekwenda kusaidia asijifanye kiongozi wa watu asiowajua. Aulize, asikilize, atumike.

La nne: uko tayari kusema kweli hata ikiwauma walio upande wako? Aya ya 135 ya Surat Nisaa inatutaka tusimame na uadilifu hata dhidi ya nafsi zetu, wazazi wetu na jamaa zetu. Mwandishi anayezidisha idadi ya waliokufa ili kuwasisimua watu huwaharibia wale anaotaka kuwatetea, kwa kuwa siku atakapogunduliwa hata kweli yake haitaaminika.

La tano ni la wazazi: je, tunamkatalia kwa sababu kazi haifai, au kwa sababu tunaogopa? Kama ni khofu, tuiseme. Wifi yangu aliisema jioni ile mbele ya binti yake, akamtaja kijana wa nyumba ya pili. Binti alilia. Hakuwa amejua kwamba mama yake humwona kijana yule kila anapomtazama yeye akiwa na simu.

Asiyepata chuo je?

Kaka yangu, ambaye alikuwa kimya kwa muda mrefu, akauliza: "Na sisi ambao hatukusoma, dada? Sisi hatuna la kuwafanyia wale?"

Nikamsimulia habari ya Mary Manning, keshia wa duka moja kubwa mjini Dublin, Ireland. Tarehe 19 Julai 1984, akiwa na miaka 21, alikataa kumlipisha mteja mabalungi yaliyotoka Afrika Kusini, kwa kufuata uamuzi wa chama chake cha wafanyakazi. Alisimamishwa kazi, na wenzake wachache wakagoma pamoja naye. Mwanzoni hawakujua mengi kuhusu Makaburu. Walijifunza wakiwa wamesimama nje ya duka, katika mvua na baridi, kwa karibu miaka mitatu. Mwaka 1987 serikali ya Ireland ilipiga marufuku matunda na mboga za Afrika Kusini. Hawakuwa na shahada. Walikuwa na kazi yao ya kila siku, na waliitazama kazi hiyo wakaona ni wapi inapoigusa dhulma.

Kaka yangu akatikisa kichwa polepole. "Basi kila mtu na balungi lake," akasema, tukacheka sote.

Chaguo lake

Kabla hatujaagana, mkwe wa wifi yangu, yaani mama yetu, aliita kutoka chumbani. Ana sukari, na mguu wake wa kushoto una kidonda kilichokataa kupona tangu mwaka jana. Binti aliinuka bila kuambiwa. Alichemsha maji, akanawa mikono, akakifungua kidonda taratibu huku akimwuliza bibi yake habari za zamani ili asahau maumivu. Alikitazama kwa makini, akakilinganisha na jana, akasema ukingo wake unaanza kufunga. Kisha akakifunga tena kwa bendeji safi.

Nikamwuliza alijifunza wapi. Akasema alimtazama muuguzi wa kliniki mara mbili tatu, kisha akawa akifanya mwenyewe, kila jioni, mwaka mzima.

"Umewahi kuchoka?"

"Kuchoka nachoka, shangazi. Lakini siwezi kulala kabla sijakiona."

Sikusema kitu. Mama yake naye, kwa hekima ambayo sikuitarajia, hakusema kitu. Binti alikaa na bakuli la maji mapajani, akiyatazama kama anayesoma.

Siku ya mwisho aliingia katika tovuti ya KUCCPS akiwa ameketi kati ya baba na mama yake. Chaguo la kwanza aliweka shahada ya uuguzi, la pili sheria, na siasa na uhusiano wa kimataifa ikafuata. Aliniambia kwamba uuguzi aliukataa kwa sababu ulikuja kama amri, na kwamba hakuwa amefikiri kuwa hospitali ni mahali ambapo dhulma huonekana kwa macho. Akiupata, atasoma miaka minne, atafanya mwaka wa mafunzo katika wodi za hapa kwetu, kisha, Mwenyezi Mungu akijaalia, ataendelea na ubingwa wa majeraha na wa huduma za dharura. Kiarabu chake cha madrasa ameanza kukizungumza na mwalimu wake kila Ijumaa.

Matokeo ya maombi hayajatoka tunapochapisha makala haya. Huenda akapangiwa kozi nyingine, nasi tutazungumza tena.

Mama yake alimwuliza swali moja tu walipokuwa wakizima kompyuta. "Na ukimaliza, mwanangu, utakwenda huko kweli?"

"Nikiitwa, mama, na mkinipa radhi zenu," akajibu. "Lakini kwanza huu mguu wa bibi."